Anayekuja kusaidia Butembo na Beni ni mtumishi wa nani?

Wageni wanaokuja Butembo na Beni kutumika katika miradi ya maendeleo huondoka na malalamiko yanayofanana kama mapacha. Raia hawaji mkutanoni mpaka waulize kwanza kama kuna pesa ya usafiri. Sheria za usalama za shirika zinamkataza mgeni kutembea kwa miguu, na jua likizama anafungiwa ndani ya uzio. Ripoti zinakula siku nzima. Kisha, anapoanza tu kuzijua kona za Furu na Vutsundo na kumwamkia mama muuza sombe bila mkalimani, mkataba unaisha. Alikuja na moyo wa kujitolea, pengine aliacha kazi na familia kwao, na sasa anapanda ndege Mavivi akijiuliza kama kuna kitu alichokibadilisha.

Malalamiko hayo si ya uongo. Yeyote aliyeketi katika mkutano mmoja wa kartie ameona vile karatasi ya mahudhurio inavyogombaniwa kuliko neno lenyewe lililowaleta watu. Lakini wakaaji nao wana ya kwao. Mgeni anakuja ndani ya jeep yenye vioo vilivyopandishwa. Anauliza maswali yaleyale aliyouliza mwenzake mwaka uliopita: una watoto wangapi, unachota maji wapi, unakula mara ngapi kwa siku. Anaandika, anapiga picha, anaenda. Mwaka unaofuata anakuja mwingine na kalamu nyingine, na anashangaa kwamba mama wa nyumba anajibu huku akiendelea kupepeta mahindi.

Malalamiko ya mgeni na ya mwenyeji yana mama mmoja. Mgeni huyo si mtumishi wa watu aliokuja kuwasaidia. Mkataba wake ulitiwa sahihi kwingine, ripoti yake inasomwa kwingine, na akikosea, mwenye haki ya kumwuliza yuko kwingine. Shefu wa kartie anaweza kumkaribisha, kumpa kiti na kumshukuru. Hana uwezo wa kumwambia: kazi hii umeifanya vibaya, rudia. Mradi ukijengwa hivyo, hata mwenye moyo wa dhahabu atachoka, na hata raia mwenye subira atafunga mlango.

Butembo na Beni hazihitaji kuelezwa jambo hili kwa nadharia. Zililiishi kwa karibu miaka miwili, wakati wa mapambano dhidi ya Ebola ambayo kila mtu mjini aliyaita Riposte.

Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, kilomita zipatazo 30 kutoka Beni. Mpaka tarehe 25 Juni 2020, siku ulipotangazwa kwisha, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamefariki. Ulikuwa mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani, baada ya ule wa Afrika Magharibi. Katika kipindi hicho waliingia watu kutoka kila upande: madaktari wa Guinea waliokuwa wamepambana na Ebola kwao, Wakameruni, Wasenegali, Wazungu wa mashirika makubwa, na Wakongo wengi kutoka Kinshasa. Mamia ya mamilioni ya dola yalitumika. Wengi kati ya wageni hao walikuja kuokoa watu, na waliokoa watu. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Bila chanjo hiyo, iliyotoka nje, idadi ya makaburi ingekuwa nyingine kabisa. Anayesema wageni walikuja kula tu anawadhulumu.

Hata hivyo walikuta raia wenye swali, na swali hilo halikuwa katika fomu zao. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wanachinjwa kwa mapanga mashambani, nyumbani, hata karibu na kambi za jeshi. Walizika, wakaandamana, wakazika tena. Jeep za misaada zenye uharaka wa namna ile hawakuziona. Ghafla ukaja ugonjwa unaoweza kuvuka mpaka na kufika Kampala, Kigali au hata Ulaya, na jeep zikajaa barabarani. Raia akauliza: kwa nini kifo hiki kimewaleta na kile hakikuwaleta? Mtaalamu wa magonjwa hakuwa na jibu, kwa sababu mkataba wake ulisema Ebola. Akaandika katika ripoti yake kwamba raia wana "upinzani".

Neno hilo, upinzani, lilitumiwa sana wakati ule. Lilimwondolea mgeni mzigo wa kusikiliza. Mtu aliyekuuliza swali la maana akishaitwa mpinzani, kazi inayobaki ni kumshawishi ama kumlazimisha.

Kisha siasa ikamwaga petroli. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne tu kabla ya uchaguzi, Tume Huru ya Uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba kura ya Beni na Butembo inasogezwa mpaka Machi 2019, na kati ya sababu ilizotoa ni Ebola. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari, kabla watu hao hawajapiga kura. Masoko yalikuwa yanafunguliwa, makanisa yanajaa, vijana wa piki-piki wanabeba watu wawili-wawili. Ni sanduku la kura peke yake ndilo lililoonekana kuwa na hatari. Siku iliyofuata tangazo hilo waandamanaji walivamia kituo cha kupokelea wagonjwa Beni. Tarehe 30 Desemba wakaaji wa Beni walijipanga mistari wakanawa mikono wakapiga kura yao ya mfano, kuonyesha kwamba inawezekana. Mgeni aliyekuja kuchanja watu hakuhusika hata kidogo na uamuzi wa CENI. Lakini jina la kazi yake lilikuwa limetumiwa kumnyima raia haki yake, na tangu siku ile, alipopiga hodi kwenye nyumba, alipiga hodi kwa jina hilo.

Lugha nayo ilisema mambo ambayo wageni hawakuyakusudia. Wengi walioletwa kutoka Kinshasa walizungumza Kilingala. Huko kwao ni lugha ya nyimbo na ya soko. Butembo na Beni, Kilingala kwa miaka mingi kimekuwa lugha ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Kwa hiyo hata Mkongo alikuwa mgeni, pengine mgeni zaidi ya daktari wa Guinea ambaye angalau alijitahidi kusalimia "wavukire" na watoto wakacheka. Mtu anaweza kuwa na pasi ya nchi ile ile na bado akatumika ugenini. Mashirika mengi hayakulipima jambo hilo wakati wa kuajiri, yaliangalia diploma.

Mwaka 2019 ulianza vibaya. Tarehe 24 Februari kituo cha matibabu cha Katwa kilishambuliwa na kuchomwa moto, na tarehe 27 kile cha Butembo. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, waliokuwa wanaviendesha, wakasimamisha kazi. Tarehe 7 Machi, huko Geneva, rais wa shirika hilo la kimataifa wakati ule, Joanne Liu, alisema wazi kwamba mapambano yanashindwa kwa sababu hayajapata imani ya raia. Alikosoa matumizi ya polisi na askari kulazimisha watu kufuata masharti ya afya. Maneno hayo wamama wa Katwa walikuwa wamekwisha kuyasema miezi mingi kabla, kwa Kinande na kwa Kiswahili. Ilibidi yasemwe Geneva ndipo yaitwe tathmini.

Tarehe 19 Aprili 2019, Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, wakamuua daktari Richard Valery Mouzoko Kiboung. Alikuwa Mkameruni, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, ametumwa na Shirika la Afya Duniani, OMS. Alikuwa ameacha nyumba yake ili kuja kuzuia ugonjwa usiue watoto wa watu asiowajua. Hakuna kosa la Riposte, liwe kubwa namna gani, linaloweza kutajwa kama sababu ya risasi ile. Siku chache baadaye madaktari na wauguzi wa Butembo waliandamana wakidai usalama, na kutishia kusimamisha kazi. Inafaa kulikumbuka hilo kila mara mtu anaposema kwamba "watu wa Butembo" walimkataa mgeni. Watu wa Butembo wenye makoti meupe walitoka barabarani kwa ajili yake.

Wenyeji nao walikufa. Tarehe 28 Novemba 2019, Biakato, upande wa Ituri, na Mangina, wafanyakazi wa Riposte walishambuliwa usiku. Kati ya waliouawa walikuwa madereva wawili na mmoja wa timu ya chanjo. Madereva. Dereva haandiki ripoti wala hatoi maoni kwenye televisheni, lakini ndiye anayejua barabara gani imekaa kimya kupita kawaida. Mgeni akitishwa, shirika linamtafutia ndege. Mwenyeji aliyevaa gile ileile, akirudi jioni, anarudi kwenye avenyi ambako kila mtu anajua mlango wake.

Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya neno "kujitolea" lianze kuwa chungu. Vijana wa Msalaba Mwekundu walioingia katika timu za mazishi waliitwa watu wa kujitolea. Wahamasishaji wa jamii, wale wanaoitwa RECO, nao pia. Walibeba maiti ambazo familia zilikuwa zinazililia, walirushiwa mawe, walitukanwa kwamba wanauza viungo vya watu, wakarudi kesho yake. Walifuatilia nyumba kwa nyumba, siku 21, kila mtu aliyemgusa mgonjwa. Malipo yao yalikuwa prime ndogo, ambayo mara nyingi ilichelewa, na mara kadhaa waliingia barabarani kuidai. Katika jeep iliyowapita kulikuwa na mtu ambaye naye, kwenye karatasi, aliitwa mwenye kujitolea: ana bima, ana pesa ya chakula, ana nyumba yenye jenereta, na tiketi ya kurudi. Neno moja, maisha mawili. Mgeni mwenyewe mara nyingi aliona aibu. Wako walioingiza mkono mfukoni kimyakimya kumlipia mhamasishaji karo ya mtoto. Ni wema wa mtu kwa mtu, na kesho yake mpango ulikuwa vilevile.

Aibu kubwa zaidi ilikuja baadaye. Septemba 2020, uchunguzi wa waandishi wa habari wa The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation ulichapisha habari za wanawake 51 wa Beni waliosema walidaiwa ngono ili wapate kazi katika Riposte, au walidhulumiwa na wanaume waliojitambulisha kama wafanyakazi wake. Tume huru iliyoundwa na OMS, ikiongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge wa Kongo, ilitoa ripoti yake tarehe 28 Septemba 2021. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS. Wanawake walikuwa wanatafuta kazi ya kupika, ya kufua, ya kuhamasisha. Mkurugenzi mkuu wa OMS, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliomba radhi.

Ripoti hiyo inapaswa kusomwa pamoja na swali lililo juu ya makala haya. Mashirika yale yalikuwa na kanuni za maadili, kila mfanyakazi alizitia sahihi. Yalikuwa na mabango ya "usivumilie". Lakini msichana wa Beni aliyetaka kushitaki angempelekea nani neno lake? Bosi wa aliyemdhulumu? Anwani ya intaneti iliyoandikwa kwa Kifaransa? Hakuna mtu wa mtaa wake aliyekuwa na mamlaka ya kumsimamisha mgeni yule kazi hata siku moja. Wanawake walikaa na siri zao mpaka waandishi wa habari walipoziuliza.

Wenyeji wasijifanye malaika, kwani pesa ile iliwaonyesha wengi walivyo. Wenye nyumba walipandisha bei mpaka walimu wakahama. Waheshimiwa walikodisha magari yao kwa Riposte kisha wakahubiri kwamba ugonjwa haujaisha. Mashirika ya kienyeji yalizaliwa usiku mmoja, yakiwa na muhuri, bango na mwenyekiti, bila mwanachama. Kuna majina yaliyolipwa ambayo hakuna aliyewahi kukutana nayo. Huko juu nako, Machi 2020 mahakama mjini Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, miaka mitano kwa kosa la kufuja zaidi ya dola 400,000 za mapambano hayo, mashtaka aliyoyakana. Mgeni anayelalamika kwamba raia wanauliza kwanza pesa ya usafiri hasemi uongo. Anasahau tu kwamba desturi hiyo ililetwa na miradi. Salongo ya Jumamosi haina karatasi ya mahudhurio, na watu wanakuja na majembe yao.

Hapa ndipo wageni wengi wanapoikosea Butembo tangu siku ya kwanza. Wanaikuta kwenye orodha ya maeneo ya maafa na wanafikiri wamefika mahali ambapo watu wamekaa wakisubiri. Mji huu umejengwa na watu wake. Wafanyabiashara wanaoleta bidhaa kutoka Dubai na Uchina walichanga pesa zao kutengeneza barabara wakati serikali ilikuwa haionekani. Wazazi, tangu miaka ya 1990, ndio waliokuwa wanawalipa walimu kupitia michango ya shule. Chuo Kikuu cha Graben kilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1989 kwa sababu vijana walikuwa wanalazimika kwenda mbali. Wamama wana likelemba zao, na hesabu yake haina karani wala kompyuta, na haikosei. Mtu anayekuja "kufundisha jamii kujitegemea" mahali kama hapo anapaswa kwanza kukaa chini aulize walifanyaje.

Na pale ambapo mgeni aliuliza, kazi ilibadilika. Beni, shirika la ALIMA lilileta vyumba vyenye kuta za plastiki inayopitisha mwanga, ambavyo familia ziliweza kusimama nje na kumwona mgonjwa wao, kuzungumza naye, hata kuona anavyokunywa uji. Kabla ya hapo, mtu aliingia nyuma ya uzio na wakati mwingine akatoka ndani ya mfuko. Hofu ya familia ilikuwa na akili kabisa. Waliopona Ebola, ambao mwili wao ulikuwa umepata kinga, walipewa kazi ya kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Wakawabeba kifuani wakati hakuna mtu mwingine aliyethubutu bila nguo za kinga. Familia zilianza kuachiwa nafasi katika mazishi. Mambo haya hayakuhitaji semina. Yalihitaji mtu mwenye madaraka asikie "hapana" ya mwenyeji na kuichukua kama habari.

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilirudi, safari hii ikitangazwa Butembo. Mapambano yaliongozwa na watu wa afya wa jimbo, wengi wao waliojifunza kazi katika miaka ile miwili migumu. Tarehe 3 Mei ilikuwa imekwisha: wagonjwa 12, vifo 6. Haifai kulinganisha kwa haraka, kwani safari hii chanjo ilikuwapo na ugonjwa uligunduliwa mapema. Lakini msururu wa jeep haukuonekana, wala uadui wa mwaka 2019. Aliyepiga hodi alijulikana ni mtoto wa nani, na akikosea, mjomba wake angeambiwa.

Kwa nini kufufua habari hizi leo? Kwa sababu wageni wanarudi, na mambo yanajipanga vilevile. Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23, na watu wa kusini mwa Lubero wakapanda kuelekea Butembo na magodoro vichwani. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma nayo ikachukuliwa. Serikali ya jimbo ikahamia Beni, na mashirika mengi yakatafuta ofisi Beni na Butembo, yakipitia Kasindi na Mavivi. Wakati huohuo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote nchini Kongo, ilisimamisha misaada yake tarehe 20 Januari 2025, na USAID ikafungwa rasmi tarehe 1 Julai. Pesa zimepungua, wahitaji wameongezeka. Shirika lenye pesa kidogo huwa na haraka zaidi: mkataba unakuwa wa miezi mitatu, mfanyakazi mmoja anapewa kazi ya watatu, na RECO anaambiwa safari hii ajitolee kweli, kwa sababu prime haipo.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayemsikia Butembo atacheka, kwani mgeni wa siku hizi anakuja na jembe lake, na hata shamba analichagua mwenyewe kwenye ramani. Meya wa Butembo, yule wa Beni na machefu wao wa kartie wana uwezo zaidi ya wanaoutumia. Wanaweza kudai kwamba hakuna mradi utakaofunguliwa kabla bajeti yake haijasomwa mbele ya wakaaji, kwa Kiswahili: dola ngapi za bomba, ngapi za nyumba ya mkubwa, ngapi za jeep. Mashirika yatasema jambo hilo litaleta fitina. Fitina ipo tayari. Raia anakadiria bei ya jeep kila inapomrushia vumbi. Wanaweza kudai kamati ya wakaaji, yenye wanawake, iwe na haki ya kuandika barua moja inayomsimamisha mfanyakazi yeyote anayetuhumiwa mpaka achunguzwe, awe anatoka Lubero au Lyon. Mwenye kumtuma akikataa sharti hilo, amekwisha kuonyesha anamtumikia nani.

Muda nao ungedaiwa. Anayekuja kusaidia wakulima na hakai hata msimu mmoja wa maharagwe, tangu kupanda mpaka kuvuna, hajaona kitu. Miezi mitatu inatosha kujua bei ya nyumba na jina la dereva. Mgeni mwenyewe angefaidika. Yule anayepanda ndege Mavivi akijiuliza kama alifanya kitu angekuwa amepewa jibu zamani, usoni, na mama wa Vutsundo aliyemzoea kiasi cha kumkemea.

Katika nyumba kadhaa za Butembo na Beni bado kuna madaftari ya mwaka 2019. Yana majina ya waliofuatiliwa, tarehe, alama siku 21 mfululizo: joto la mwili, nani hakukutwa nyumbani, nani alikimbilia kwa ndugu Musienene, nani alifukuza timu na kesho yake akafungua mlango. Hakuna ripoti iliyojua mitaa hii vizuri hivyo. Wenye madaftari hayo wapo, wengine wanaendesha piki-piki, wengine wanauza mafuta ya mawese pembeni ya soko, na ofisi mpya ziko dakika kumi kutoka kwao.